Msimwombee Kama Hayupo: Niliyojifunza Nikimuuguza Mume Wangu Nyumbani

Mwalimu (hivyo ndivyo mtaa mzima unavyomwita mume wangu, nami nikazoea) alipatwa na kiharusi alfajiri moja ya masika, akijiandaa kwenda shule. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anahangaika kuvaa soksi mguu wa kulia. Soksi inamponyoka, anaiokota, inamponyoka tena. Nikamuuliza, "Vipi, Mwalimu?" Akageuka kunitazama, mdomo umekwenda upande, akatoa sauti ambayo haikuwa neno.

Kabla hatujapata watu wa kumbeba, chumba kilishajaa ushauri. Jirani mmoja alikuja na maji ya sukari, mwingine na mafuta ya maombi anataka kumnywesha, wa tatu anasema achomwe sindano kwenye ncha za vidole damu mbaya itoke. Baadaye daktari alinieleza jambo ambalo lingefaa kutangazwa kila jumuiya ya waumini: mtu mwenye dalili hizi asipewe kitu mdomoni, hata tone la maji, kwa sababu koo nalo linaweza kuwa limepooza na anachokunywa kikaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, angalia saa dalili zilipoanza, mkimbize hospitali. Hata aspirini usimpe, maana kuna kiharusi cha damu kuganda na kuna cha mshipa kupasuka, na hakuna awezaye kuvitofautisha kwa macho mpaka mgonjwa apigwe picha ya CT scan. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu ipo, ila inatakiwa itolewe ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Sisi tunaishi Mwanza, kwenye vile vilima vya mawe ambako hata bodaboda inaishia chini. Vijana walimteremsha kwa blanketi, wakipokezana kwenye majabali. Mpaka picha inasomwa, jua lilikuwa la utosi.

Lilikuwa bonge la damu, upande wa kushoto wa ubongo. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakaondoka.

Mambo ya dawa na mazoezi wenzangu mtaelezwa hospitali. Mimi nataka kusema zaidi yale yasiyosemwa kule: imani inakuwaje ndani ya nyumba yenye mgonjwa wa kitandani, na sisi Wakristo tunamfanyia nini mgonjwa huku tukidhani tunamsaidia.

Ila siwezi kuanza bila kusema lilikotoka. Mwalimu alikuwa na presha kwa miaka mingi na alikuwa anameza vidonge vyake vizuri. Mwaka mmoja kabla ya haya alialikwa na mwenzake kwenye mkutano wa injili, mhubiri akatangaza kwamba wenye presha wameponywa, watupe vidonge. Hakuvitupa, ila aliviacha kabatini. Alijisikia mzima kabisa. Presha ndivyo ilivyo, hukaa kimya. Wapo watakaosema hapo imani ndiyo iliyopungua. Mimi sibishani nao tena. Naweka tu vidonge mezani kila asubuhi, kisha tunasali.

Siku ya ruhusa ilinikuta sijui kitu. Muuguzi alikuwa na wagonjwa wengi, akanielekeza mambo yote tumesimama kwenye korido, ndani ya dakika chache, na mimi natikisa kichwa tu. Kama mgonjwa wako bado yuko wodini, nakusihi usikubali kuelekezwa kwa mdomo. Omba ufanye kwa mikono yako mwenyewe, muuguzi akikutazama: kumgeuza, kumketisha, kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kumlisha, kumwaga mfuko wa mkojo. Mwombe akuruhusu kurekodi kwa simu. Binti yangu alirekodi kipande kifupi cha namna ya kumgeuza, na kipande kile tulikirudia usiku kucha wiki ya kwanza.

Gharama nazo nizitaje. Mwalimu ni mtumishi wa serikali, bima ilibeba kitanda, picha na dawa. Nyumbani bima haikufika. Godoro la upepo tulinunua sisi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akija nyumbani ni hela ya mfukoni. Pampasi ya mtu mzima tulikuwa tunanunua kati ya shilingi 1,500 na 2,000 kwa moja, na kwa siku zinakwenda tatu au nne. Piga hesabu ya mwezi mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nilikuwa na fremu barabarani na mashine mbili. Moja niliuza, nyingine nikaihamishia sebuleni, nashona sare za shule huku namsikiliza. Ukiambiwa "mgonjwa anaenda kuuguziwa nyumbani", elewa kwamba kuanzia hapo wodi ni wewe.

Wageni sasa. Wiki za mwanzo jumuiya yetu ilikuja kila jioni. Sina neno baya juu ya watu hawa; wametulisha, wametufulia, na siku ile ya majabali ndio waliombeba. Lakini angalia maombi yalivyokuwa. Watu wanasimama kuzunguka kitanda, Mwalimu amelala chini yao, na wanamzungumza yeye juu kwa juu. "Bwana, mtazame mtumishi wako huyu asiyejitambua." Alikuwa anajitambua. Alikuwa anatazama mdomo wa kila anayesali. Wakimaliza wananiuliza mimi: amekula? Amelala? Anasikia maumivu? Na yeye yuko hapo hapo, macho wazi. Mmoja alinong'ona, tena kwa nguvu kama watu wanavyonong'ona kwenye nyumba ya ugonjwa, kwamba tujiandae. Nikaona chozi likimtoka Mwalimu jicho la kulia, likakimbilia sikioni, na mkono wa kulifuta haukuwa na nguvu.

Daktari alikuwa ameshanieleza kwamba kilichoharibika ni njia ya kutoa maneno. Akili ipo, kumbukumbu ipo, mzaha upo. Watu wengine walimletea daftari na kalamu, wakimkumbuka Zakaria baba wa Yohana aliyeandika kwenye kibao alipokuwa bubu. Hawakujua kwamba aina hii ya kiharusi mara nyingi inachukua na kuandika. Mwalimu wa fizikia aliyekuwa akijaza ubao mzima kwa fomula alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akachora mistari, akaitazama, akaisukuma pembeni. Tukaficha daftari.

Ukweni walikuwa na yao. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini na maelezo kamili: mwanawe amechezewa na mtu wa kazini aliyekuwa anautaka umakamu mkuu. Alitaka tumpeleke kwa mtaalamu wa huko kwao, na shemeji yangu alishaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe. Upande wa pili kulikuwa na dada mmoja wa maombi, mwema kweli, aliyeniambia kwamba nikiendelea kumpa Mwalimu vidonge ninamwambia Mungu kwamba simwamini. Yaani nilikuwa nimebanwa katikati, mganga huku na muujiza kule, na wote wawili wanataka kitu kimoja: niache dawa.

Nilikwenda kwa paroko nikiwa na hasira. Hakunihubiria. Alifungua Yoshua bin Sira sura ya 38 akaniambia nisome mwenyewe, kwa sauti. Inasema tabibu apewe heshima yake kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, kwamba Bwana ameotesha dawa katika ardhi na mwenye busara hatazidharau. Inamwambia mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Yote mawili, sura moja. Nilirudi nikamsomea mama mkwe. "Mama," nikamwambia, "mimi sikatai maombi yako wala sidharau uchungu wako, yeye ni mwanao kabla hajawa mume wangu. Ninachoomba ni kwamba chochote kisiingie kinywani mwake bila daktari kujua." Alikaa kimya muda mrefu, akauliza, "Hata uji wangu?" Nikamwambia uji wako ndio tunaoungoja. Kuanzia siku hiyo uji wa ulezi ukawa kazi yake, na ng'ombe hakuuzwa.

Kuhusu huo uji: mgonjwa wa kiharusi alishwe akiwa ameketi wima kabisa, kidevu kikiinamia kifuani kidogo, kijiko kidogo kidogo, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Kinywaji chepesi kama maji ndicho kinachompalia upesi, kizito kinapita vizuri zaidi. Akikohoa wakati wa kula, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, simamisha. Sato tulimchambulia mwiba mmoja mmoja mpaka mama mkwe akasema tumfugie kuku tu.

Na wageni wafundishwe kutomvuta mkono uliolala. Huku kwetu salamu ni mkono, basi kila anayeingia anaudaka ule wa kulia na kuutikisa kwa upendo, na wengine wanauvutia kwao wakitaka kumketisha. Bega lenye misuli iliyolegea linachomoka kirahisi, na maumivu yake hayaishi upesi. La Mwalimu liliteguka hivyo. Tukaweka mto chini ya mkono, na tukawaambia watu wampe salamu mkono wa kushoto. Wazee wengine walikwazika, mkono wa kushoto! Wakazoea.

Jambo lililobadilisha nyumba yetu lilianza kama ugomvi. Nilitaka kumwita padre ampe Mwalimu Mpako wa Wagonjwa. Shemeji akakataa katakata: ukimwita padre na mafuta umemzika kaka yangu. Wakatoliki wengi bado wanaogopa hivyo, kwa sababu wazazi wetu waliuona ukitolewa mtu akiwa anakata roho. Paroko alikuja mwenyewe kutueleza kwamba tangu mwaka 1972, chini ya Papa Paulo VI, Kanisa lilishaweka wazi kuwa sakramenti hii ni ya mtu aliye katika ugonjwa mzito au uzee, inamtia nguvu, na inaweza kurudiwa hali ikibadilika. Hangojewi mtu afike ukingoni.

Aliingia chumbani akavuta stuli, akakaa macho yake yakilingana na ya Mwalimu. Akamwamkia. Akasema, "Mwalimu, ningependa kukupaka mafuta matakatifu. Unataka?" Kisha akanyamaza. Sisi tuliosimama mlangoni tulikuwa tayari kujibu kwa niaba yake, paroko akatuinulia kiganja. Ukimya ulikuwa mrefu kiasi kwamba nikaona aibu. Mwalimu akafumba macho, akafumbua, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo padre akamwekea mikono kichwani, akampaka kwenye paji la uso, kisha akauchukua ule mkono uliolala, uliokuwa umejikunja ngumi, akavifungua vidole kimoja kimoja bila haraka, akapaka mafuta kiganjani, halafu wa kushoto.

Hakuinuka akatembea. Ila tangu tutoke hospitali hapakuwa na mtu aliyemuuliza Mwalimu kitu na kusubiri jibu, nikiwemo mimi mkewe.

Tukaanzisha utaratibu, na niliuandika kwa kalamu ya wino mzito nikaubandika mlangoni. Anayeingia amwamkie Mwalimu kwanza, kabla yangu. Aliyewahi kuwa mwanafunzi wake ampe shikamoo yake. Aulizwe maswali ya ndiyo au hapana, mtu asubiri. Watu wakae, wasisimame juu yake. Maombi yawe mafupi. Achague yeye: rozari, Zaburi, au leo hakuna, amechoka. Na mstari wa mwisho niliuandika kwa herufi kubwa: MSIMWOMBEE KAMA HAYUPO. Kuna waliokasirika. Mama mmoja alisema naendesha nyumba kama ofisi ya serikali. Wengine walipunguza kuja, na kusema kweli nilipumua.

Kisha yale tunayoyaomba yakabadilika. Mwanzo kila sala ilikuwa ya kumrudisha Mwalimu yule wa zamani, na nadhani yeye alikuwa akisikia kwamba huyu aliyepo hatumtaki. Tukaanza kuomba ya siku ile: usingizi, kumeza bila kupaliwa, doa jekundu la kiunoni lisifunguke. Kuna wakati hakupata choo kwa siku nyingi, tumbo limejaa, na binti yetu akasali kwa sauti, "Bwana Yesu, tunaomba choo." Mwalimu alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Tulikuwa tumempa papai, maji yaliyofanywa mazito asipaliwe, na dawa ya kulainisha, na kesho yake jumuiya nzima ilipewa ushuhuda ambao haukuwahi kutolewa kanisani.

Kuhusu lile doa: mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na ukague kiunoni, visigino na nyonga kila unapomwogesha. Kwa ngozi nyeusi doa linaweza lisionekane jekundu, litakuwa jeusi zaidi au la zambarau, na ukiligusa lina joto. Ukilibonyeza na rangi haibadiliki, usimlaze tena upande ule. Shuka ikiwa na mkunjo mmoja tu inatosha kuanzisha kidonda.

Rozari ndiyo iliyotuletea makubwa. Jioni moja binti yetu alikuwa anaongoza, mimi naitikia huku nakunja sare. Akasema sehemu yake mpaka "…na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa." Nikasikia sauti nzito nyuma yangu: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina." Maneno yote, kwa mpangilio, kwa sauti yake ile ile ya bezi ya kwaya. Mtu ambaye hakuweza kusema "maji".

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Siku iliyofuata nyumba haikuwa na pa kukanyaga. Watu walikuja na wagonjwa wao.

Mtaalamu wa mazoezi alipokuja nilimweleza nikitegemea ashangae, akatabasamu. Akasema jambo hili linajulikana: sala, nyimbo, kuhesabu na siku za wiki, vile ambavyo mtu amevitamka maisha yake yote bila kufikiri, ubongo unavitoa kwa njia nyingine tofauti na ile ya kuunda sentensi mpya. Wagonjwa wengi wanaopoteza usemi wanaweza kuimba au kusali. Nilipoyasema haya kwenye jumuiya, baadhi waliona nimewanyang'anya muujiza wao. Sijaona hadi leo kwa nini maelezo yapunguze shukrani. Mungu ndiye aliyeziweka njia zote mbili kichwani mwa mtu, na mama yake Mwalimu ndiye aliyeijaza moja kwa rozari za kila jioni tangu akiwa mtoto. Nilimwambia hivyo mama mkwe, akalia kwa mara ya kwanza tangu afike.

Jihadharini lakini, maana kuna upande mwingine. Baada ya siku ile wapo walioanza kusema anajidekeza. Kama anaweza kumaliza fungu zima la rozari, anashindwaje kuomba maji? Shemeji alimwekea kikombe mbali akamwambia, "Sema maji, nikupe." Nilimtoa nje. Mgonjwa wa namna hii halazimishwi. Kinachosaidia ni kupitia mlango uliobaki wazi. Akitaka kutaja namba, anahesabu kuanzia moja na kusimama pale anapotaka. Akitaka siku, anaanza Jumatatu anateremka. Tulianza kuimba maneno madogo kwa sauti za pambio, "naomba maji", "nigeuze", na baada ya miezi baadhi yakaanza kutoka yenyewe.

Sasa niseme la giza. Kuna usiku nilimchukia. Alirusha kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto kikapasuka ukutani, nikakusanya vigae huku nikimtukana moyoni. Alikuwa analia bila sababu na kucheka pasipo kuchekesha; kumbe kiharusi chenyewe kinaweza kuleta hilo, na sonona juu yake, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona ina dawa. Tulikuwa hatulali pamoja kama mume na mke, na hakuna mahali kanisani pa kulisema hilo. Siku ya ndoa tuliahidi "katika taabu na raha, katika magonjwa na afya", na mtu anayatamka akiwa amevaa shela, anafikiria homa.

Nilikwenda kuungama kwamba nimetamani afe. Nilisema haraka nikifikiri nitakemewa. Padre akauliza, "Unalala saa ngapi kwa siku?" Sikuwa na jibu. Akanikumbusha nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, aliyemwomba Mungu amwondolee uhai: malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, na hayo yote yalitangulia kabla Mungu hajasema naye lolote mlimani. Malipizi yangu yakawa kulala saa mbili mchana, kila wiki, na kumtafuta mtu wa kukaa na Mwalimu. Akaongeza kwamba anayemuuguza mtu asiyeweza kuachwa peke yake hatendi dhambi kwa kukosa Misa ya Jumapili. Nilikuwa nabeba hilo bure kwa miezi. Siku hizi mhudumu wa Ekaristi anatuletea Komunyo nyumbani, wote wawili.

Huyo mtu wa saa mbili alipatikana, lakini kwa kuombwa. Watu wanasema "ukihitaji chochote tuambie" na wanamaanisha kweli, ila hawajui chochote ni nini. Niliwaendea kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, nikasema: Alhamisi, saa nane hadi saa kumi, mmoja wenu akae hapa, mimi nalala, asiniamshe. Wakapangiana zamu. Mwanakwaya mmoja niliomba aje Jumamosi kumwogesha na kumnyoa, kwa sababu niliona Mwalimu anavyogeuza uso binti yake akisogea na beseni. Vijana niliwapa tarehe za kliniki za mwezi mzima, wanne kila safari, wa kumbeba mpaka barabarani. Wao ndio waliojipa jina la watu wa Marko sura ya 2, wale waliotoboa paa wakamteremsha mwenye kupooza mbele ya Yesu. Wetu hawakutoboa paa, ila lango letu lilikuwa jembamba na ilibidi waling'oe. Halijarudishwa.

Michango pia tuliiweka wazi. Binti aliandika kila shilingi iliyoingia na kilichonunuliwa, na mwisho wa mwezi akasoma mbele ya jumuiya. Ilikata maneno. Shemeji, kwa upande wake, alikuwa ametuma shilingi 300,000 kwa mhubiri mmoja wa kwenye simu aliyeomba sadaka ya kumfungua kaka yake, na aliyeomba nyingine wiki mbili baadaye. Hela ile ingekuwa pampasi za mwezi na nusu hivi. Ukisikia uponyaji una bei na namba ya kulipia, funga simu.

Mwezi wa pili tarehe 11, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, Kanisa linaadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani. Papa Yohane Paulo II aliianzisha mwaka 1992, ikaanza kuadhimishwa 1993. Mwalimu anampenda Papa huyo kwa sababu yake mwenyewe: Septemba 1990 alipofika Mwanza, Mwalimu alikuwa mwanafunzi na alikuwa kwenye umati. Baadaye sote tulimwona Papa yule yule kwenye televisheni, ugonjwa wa Parkinson umemtetemesha mikono na kumla sauti, na bado anatolewa mbele za watu. Tulimpeleka Mwalimu kwenye Misa ya siku hiyo ya wagonjwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima. Mtu aliyekuwa akiona haya kuonekana na jirani aliketi mstari wa mbele, mate yanamtoka kidogo, anaimba Baba Yetu kuliko wote.

Mguu umerudi kiasi; anasimama akishikwa. Mkono haujarudi, na daktari hanidanganyi juu yake. Maneno yake mapya yanahesabika. Tumeamua kushuka kilimani, maana vijana wanaoa na kuhama, na migongo ya watu wema nayo inachoka. Tumepata vyumba viwili upande wa Igoma, kwenye tambarare, gari linafika mlangoni. Kodi ni kubwa kuliko tunavyoweza bila cherehani kutembea usiku, basi itatembea.

Parokia itakuwa nyingine na jumuiya nyingine. Mwenyekiti wa huko alikuja kutuona wiki iliyopita, nikampa karatasi niliyoandaa: Alhamisi mtu wa kukaa naye, Jumamosi mwanaume wa kumwogesha, mkono wa kulia usivutwe, na ule mstari wa herufi kubwa. Aliisoma yote. Akanigeukia mimi akauliza jumuiya ije kusali saa ngapi. Nikamwonyesha Mwalimu. Akamgeukia, akarudia swali lake, na Mwalimu akaanza: moja, mbili, tatu. Mwenyekiti akadhani amechanganyikiwa, akataka kumsaidia. Nikamshika mkono asubiri. Mwalimu aliendelea taratibu, akafika kumi na moja, akanyamaza, akamtazama usoni.

"Saa kumi na moja jioni," mwenyekiti akasema, akatoa kalamu akaandika.